Pikipiki Unayoweza Kuiinua

"Inua," alisema Fundi Ghafoor.

Pikipiki nyeusi ilikuwa imelala ubavu kwenye sakafu ya karakana yake, petroli ikidondoka kutoka kwenye kifuniko cha tangi. Aliilaza mwenyewe, taratibu, kama anayemlaza mgonjwa. Kaka yangu Tanvir aliruka mpaka chai ikammwagikia kifuani.

"Una wazimu, fundi? Pikipiki ya sisi mia na ishirini na tano nzima unailaza chini!"

"Ni yangu hadi mtakapoichukua. Wewe, mwalimu, inua."

Nilifunga mtandio kiunoni, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikavuta. Ilinyanyuka kiasi cha kiganja kimoja, ikanishinda, ikarudi chini. Nikavuta tena. Safari hii haikunyanyuka kabisa. Mimi ndiye niliyeteleza nikapiga goti. Wanaume watatu waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha waligeuka kutazama. Tanvir akainama kunisaidia, na Fundi Ghafoor akamchapa mkononi kwa tambara la oili.

"Jumatatu utakuwepo?"

Tanvir akarudi nyuma. Jumapili alikuwa anaruka kwenda Maskati.

"Basi mwache. Pikipiki ya kwanza ni ile unayoweza kuiinua peke yako. Rangi, mlio, mbio, hayo ya baadaye."

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli mbele za watu, na kwa kuwa nilishajiona juu ya ile nyeusi, mlio wake ukifika kijijini ninakofundisha kabla yangu. Tanvir naye aliitaka. "Watu watasema tu," aliniambia tukiwa njiani kwenda karakana. "Bora waseme ukiwa juu ya kitu cha maana, siyo juu ya kisabini chenye kikohozi." Nilipomuuliza yeye akija likizo atapanda nini, alicheka, na hapo nikajua kwa nini aliona ile nyeusi inamfaa sana dada yake.

Tukatoka na sabini nyekundu, ndogo ya sisi sabini tu, kiti chake kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Miguu yangu yote miwili ilifika chini. Fundi alikuwa amenilazia hiyo pia, akanifundisha kuipa mgongo, kuchuchumaa, kuegemeza makalio kwenye kiti na kusukuma kwa mapaja. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. Niliinama, nikaiinua. Hakuna aliyepiga makofi.

Miaka kumi na miwili imepita. Siku hizi wasichana wa mji wetu, Depalpur, wananijia kuuliza wanunue pikipiki gani, nami nawajibu maneno ya fundi kana kwamba niliyatunga mimi. Wiki ile, lakini, sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na siku saba.

Kazi ya ualimu niliisubiri miaka minne baada ya kumaliza chuo. Ilipokuja, ilikuja katika shule ya wasichana ya Namba Kumi na Nane, kijiji chenye namba badala ya jina, kilicho ng'ambo ya mfereji mkubwa, mwendo wa nusu saa. Bajaji iliyokuwa ikitubeba walimu wanne ilikoma pale watatu walipohamishwa. Mwaka mzima Tanvir alinipeleka na kunirudisha kwa pikipiki ya rafiki yake. Kisha akapata kazi Maskati, rafiki akaitaka pikipiki yake, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia bila kupepesa macho kwamba wapo wanaoisubiri nafasi yangu. Jumatatu nifike mwenyewe au nibaki nyumbani nikikaanga chapati hadi nizeeke. Mama alikuwa akiniita kiguu na njia tangu utotoni, kwa sababu sikuweza kukaa kitako hata wakati wa kula. Wiki ile sikulala, sikula, na nilimgombeza kila aliyenisogelea, hata mbuzi.

Tanvir alinifundisha alfajiri, kwenye uwanja ulio kando ya tanuru la matofali. Klachi niliielewa siku ya kwanza. Gia, siku ya pili. Kilichonishinda ni kitu ambacho hakina jina. Nilikuwa nikianza vizuri, moja, mbili, upepo usoni, halafu pikipiki inaanza kwenda kushoto. Polepole, bila haraka, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mara naingia kwenye shamba la haradali, na maua ya njano yananijaa kwenye magoti.

"Kulia, Nuzhat! Kulia!"

"Nakwenda kulia!"

"Hiyo ndiyo kulia yako? Shuleni unawafundisha nini watoto wa watu?"

Jumatano niliingia kwenye haradali mara tisa. Mwenye shamba alikuja akasimama na jembe lake, akauliza kwa upole kama tuna ugomvi naye. Alhamisi Tanvir aliirudisha pikipiki kwa fundi akidai gurudumu la mbele limepinda. Fundi Ghafoor akaipanda, akazunguka soko zima ameachia mikono yote miwili, akarudi.

"Gurudumu halina kosa," alisema. Akanitazama mimi.

Usiku huo nilisema maneno ambayo bado yananiuma. Nilimwambia Tanvir amenifundisha vibaya makusudi, kwamba anataka nishindwe ili niolewe na yeye apumzike huko kwa Waarabu. Aliweka chini bakuli lake, akatoka. Mama alikuwa akikunja nguo za safari za mwanawe. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kesho nitakuja kutazama," alisema.

Alikuja na shali lake kubwa, akakaa juu ya matofali, akiwa ameshika kitambaa cheusi alichokata kwa ajili ya kufunga kwenye taa ya pikipiki, kukinga kijicho. Nikaondoka. Moja, mbili, upepo, na haradali. Niliporudi nikiisukuma, Mama alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka. Nilitaka kuitupa pikipiki ndani ya tanuru.

"Unacheka nini, Mama?"

"Mwanangu, unatazama maduka."

"Maduka gani? Hapa kuna maduka?"

"Ndiyo hivyo. Hakuna, na bado unayatazama." Alifuta macho kwa ncha ya shali. "Hata mimi ningetazama huko huko. Umekaa upande maisha yako yote. Shingo yako haijui kwingine."

Niliiegemeza pikipiki kwenye matofali. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tangu nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuitwa msichana, nilipanda nyuma ya baba, ya mjomba, ya Tanvir, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine mtandio. Kila duka la mji ule nililijua, na kila mlango, na kila ukuta uliobomoka. Upande wa mbele palikuwa na mgongo wa mtu. Barabara niliijua ikipita tu. Sikuwahi kuiona ikija.

Na pikipiki, alivyokuja kuniambia fundi baadaye, huenda macho yanakokwenda.

Tanvir alikuwa amesikia yote. "Hayo ni maneno ya kina mama," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Panda," nikamwambia.

"Nipande wapi?"

"Nyuma. Upande. Miguu yote kushoto."

"Nuzhat, watu wa tanuru wanatazama."

"Wakutazame na wewe leo."

Alipanda. Nilimsikia akihangaika kutafuta mahali pa kuweka miguu yake mirefu, akinishika bega, akiliacha, akishika kiti. Wafyatua matofali walipiga miluzi. Mmoja alimwita bibi harusi. Nikaondoka. Niliyakaza macho yangu kwenye bomba la tanuru lililokuwa mbele kabisa, nikayagandisha hapo kama anayesoma ubao. Shingo iliniuma. Ilitaka kugeuka, naapa, kama punda aliyezoea njia. Haradali ilipita pembeni, ikabaki pembeni.

"Punguza!" Tanvir alipiga kelele. "Punguza, sioni mbele!"

"Mimi sikuona miaka ishirini!"

"Kuna shimo? Nuzhat, kuna shimo?"

Shimo halikuwepo. Tulizunguka uwanja mara tatu. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa hofu, akaketi kando ya Mama. Kisha akachukua kile kitambaa cheusi, akakifunga kwenye taa mwenyewe. "Nisamehe," aliniambia, na mimi nikamwambia anisamehe yeye, na Mama akatuambia tuache upuuzi, chai inapoa.

Jumapili alikwenda. Nilimpeleka stendi, kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, sanduku lake kati yetu. Hakukaa upande, na sikumlaumu. Basi lilipoondoka nililia barabarani, mbele ya wauza miwa, bila hata kujifunika uso.

Jumatatu nilifika hadi daraja la mfereji. Hapo nyati wa kufugwa, wa maziwa, alishuka kutoka kwenye tuta, mchungaji wake yuko mbali, nami nikamtazama yeye badala ya nafasi iliyokuwa kando yake. Nililala ubavu kwenye tope, mguu chini ya pikipiki, madaftari ya darasa la tatu yametawanyika. Wanaume wakatoka kwenye kibanda cha chai, wakikimbia. Walikuwa wema, wote.

"Pole, dada, pole! Kaa pembeni, tukuinulie."

"Msiiguse."

"Dada, mguu wako..."

"Nimesema msiiguse!"

Walisimama nusu duara. Nilivuta mguu, nikaipa pikipiki mgongo, nikachuchumaa. Nilimfikiria Tanvir angani au ardhini, popote alipokuwa, mbali na mkono wa kusaidia, na nikaiwazia ile nyeusi: ingelala pale hadi adhuhuri, na mimi kando yake. Kisha nikasukuma. Sabini ikasimama. Nilikusanya madaftari, nikafika shuleni dakika kumi na mbili baada ya kengele. Mwalimu mkuu alilitazama tope, akaniambia darasa la tatu wanapiga kelele.

Jioni Mama alinipokea mlangoni. Alilitazama vazi langu, upande wa kushoto wote kahawia, akaenda kuchukua shali.

"Nipeleke mfereji," alisema.

Akapanda kama alivyopanda miaka arobaini, miguu yote kushoto, mkono mmoja kwenye kiti. Tulipita msikiti, tukapita karakana ya fundi, na Mama akataja kila duka kwa sauti ndogo, kama anayesoma orodha. Mji ulipoisha akanyamaza. Mbele barabara ilikuwa nyeupe na imenyooka hadi darajani, miti ikija pande zote mbili. Nilihisi kitu kigumu begani, na ilinichukua muda kujua kuwa ni kidevu chake.

"Kumbe inakuja hivi," alisema.

Nikapunguza mwendo, ili aione vizuri.