Vidole Viwili vya Eufrazia

Vidole vya Eufrazia vilianza kumwasi mwezi wa tatu, alipokuwa akifanya mazoezi ya onyesho lake la piano huko Msasani. Kidole cha pete na kile kidogo cha mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe hadi kiganjani. Akiondoka kwenye piano, vilinyooka. Alimenya viazi, alifua, aliandika bila shida yoyote. Akirudi kugusa vitufe tu, vilijikunja tena.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alianzia kwenye kinanda cha kanisani huko Bukoba, akasomea muziki Ujerumani, akapiga kwenye kumbi za miji ambayo ndugu zake hawakujua hata iko wapi. Aliporudi alipanga nyumba Kimara, akaweka piano sebuleni na kuanza kufundisha.

Daktari alimpima, kisha akavua miwani. "Mifupa ni mizima, mama. Ubongo ndio unatuma amri isiyo sahihi. Wapiga piano huwa inawatokea. Pumzika, tena kwa muda mrefu."

"Muda mrefu kiasi gani?"

"Wengine huwa hawarudi tena kupiga."

Hakumwambia mtu. Badala ya kupumzika alizidisha mazoezi, saa sita kwa siku, halafu nane. Alivifunga vidole kwa plasta, akaviloweka kwenye maji ya moto, akavisugua kwa mafuta ya nazi. Alisali, kisha hasira zikamfanya aache kusali. Vidole vilizidi kujikunja.

Wiki moja kabla ya onyesho alikuja Yuliana, binti wa miaka kumi na tisa ambaye Eufrazia alimfundisha tangu akiwa na miaka saba. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha muziki nje ya nchi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Anza ukurasa wa tatu."

Yuliana alipiga, akakwama katikati, akarudia, akakwama tena. "Hapa nionyeshe, mwalimu."

"Nimekuonyesha mara ngapi?"

"Tangu Pasaka hujanionyesha kitu." Aliziangalia plasta. "Mkono una nini?"

"Nilijikata na kisu."

"Vidole viwili? Wiki zote hizi?"

Eufrazia akafunga kitabu cha nota. "Kwa leo inatosha. Nenda nyumbani."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri, hata akathubutu kutumaini. Kwenye wa pili vidole vikajikunja, na wimbo ukatoboka kama nguo kuukuu. Akaanza upya. Palepale vikajikunja. Mara ya tatu alijaribu kwa vidole vitatu vilivyobaki, akashindwa. Mtu mmoja alikohoa. Eufrazia alisimama.

"Naombeni radhi," alisema. "Mkono umekataa."

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu Yuliana alibisha hodi kama kawaida.

"Leo hakuna kipindi," Eufrazia alijibu akiwa ndani. "Tafuta mwalimu mwingine."

"Mwingine yupi? Mtihani ni mwezi ujao."

"Mie siwezi kukuonyesha tena, Yuliana. Si leo wala kesho. Daktari alishaniambia."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Akakaa sakafuni nyuma ya mlango na kulia. Yuliana alimsikia, akabaki kibarazani. Ilipita karibu saa nzima ndipo mlango ukafunguliwa.

"Basi usinionyeshe," Yuliana alisema. "Niambie tu."

Yuliana akaketi kwenye piano, naye Eufrazia akamwambia. Uzito utoke begani. Kidole cha pete kisiwe na haraka, kiachwe kianguke chenyewe. Alifumba macho, akasikia kila kosa kabla halijafika. Mara ya nne sehemu ile ilipita safi, kama Eufrazia mwenyewe alivyokuwa akiipiga zamani.

Yuliana aligeuka akitabasamu, akingoja neno. Eufrazia alitaka kumsifu, lakini kilichompata kilikuwa wivu, mkali kiasi cha kumfanya ashike ukingo wa kiti. Alimpenda binti huyu. Na kwa dakika ile alitamani vidole vya Yuliana vikwame.

"Rudia," alisema.

Yuliana akarudia, na havikukwama. Eufrazia akaugeukia ukuta, akasikiliza mpaka mwisho.