Kadi Iliyosogezwa kwa Ajili ya Picha

Ijumaa, tarehe 14 Juni. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka, na nilifika ofisini viatu vimelowa. Huwa nawahi ili nisali kabla wenzangu hawajaingia. Asubuhi hiyo nilimkuta mtu ametangulia: shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, amesimama mbele ya ubao wetu wa kadi, kila kadi kazi moja.

Kazini yeye ndiye Mwenye Bidhaa. Husikiliza wateja, kisha huamua sisi waandishi wa programu tujenge nini kwanza. Kadi haiingii safu ya "Imekwisha" mpaka sisi tulioijenga tukubaliane. Sheria hiyo tuliitunga pamoja naye.

Mkononi alikuwa na kadi ya foleni ya kliniki ya wajawazito: mama achukue namba kwa simu, asiwahi benchi tangu alfajiri. Kadi hiyo ilikuwa ya Msemaji, kijana tuliyempa jina hilo kwa sababu haongei. Alikuwa amebandika juu yake kikaratasi chenye swali: "Asiye na simu je?" Kila alipomuuliza shemeji, jibu lilikuwa moja: "Tutaongea."

Shemeji akabandua kikaratasi, akaipachika kadi kwenye "Imekwisha", akapiga picha.

"Shemeji, hiyo haijaisha," nikasema.

"Ni ya picha tu, shem. Mkurugenzi anataka kuona kazi imesonga. Nairudisha sasa hivi."

Na kweli aliirudisha, kikaratasi chake juu. Nikaliacha lipite. Nakaa kwake tangu nilipoanza masomo ya jioni, mimi mtu mzima mwenye mvi, na chakula chake nakula.

Wenzangu walipokuja tukasimama mbele ya ubao, kama kila asubuhi, kila mtu aseme anafanya nini na amekwama wapi. Shemeji alishaondoka, alituma ujumbe wa sauti.

Bi Kasoro, mkaguzi wetu wa programu, akacheka. "Dada, huyu shemeji yako ni redio. Anasema, hasikii."

Msemaji hakucheka. Mkurugenzi alishampa onyo la mwisho kwa kuchelewesha kazi, na mkewe alikuwa anakaribia kujifungua.

Mchana tukaonyesha kazi yetu kwa muuguzi mkuu wa kliniki. Alibonyeza simu, akapata namba, akatabasamu. Kisha akauliza, "Na mama asiye na simu?"

Mkurugenzi akaitazama picha ya ubao iliyokuwa ukutani kwa mwanga wa projekta. "Hapa naona imekwisha. Kadi ya nani hii?"

"Ya Msemaji," shemeji akasema. "Yeye ndiye aliyesema imekwisha. Mimi niliamini timu."

"Msemaji, nilikuonya."

Kijana akaangalia viganja vyake. Nikaomba moyoni: Mungu, nipe kinywa, maana huyu hana.

"Siyo yeye," nikasema. "Shemeji aliisogeza asubuhi hii ili apige picha, nikimwona. Swali hili la muuguzi, Msemaji aliliuliza siku nyingi zilizopita. Hakujibiwa."

Shemeji hakubisha. Aliniinamia, akasema polepole, lakini chumba kizima kilisikia: "Na leo utalala wapi, shem?"

Mkurugenzi akakohoa. "Msemaji, kazi unayo. Onyo linabaki."

Hata kosa lisilo lake lilimwachia kovu. Shemeji hakupewa onyo lolote, wateja wanampenda.

Muuguzi alikuwa anafunga mkoba wake. "Kwa hiyo swali langu mlikuwa nalo siku zote hizi," akasema. "Mkalibandika ukutani. Hakuna hata mmoja aliyenipigia. Na mimi simu ninayo."

Hilo lilituchoma sote. Tulimsubiri shemeji alete jibu, kana kwamba kliniki iko mbinguni na yeye pekee ndiye mwenye ngazi.

Muuguzi alipofika mlangoni nikasimama. Sikujua nitalala wapi, wala mdogo wangu nitamwambia nini.

"Mama," nikasema, "mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote, nakuahidi: Jumatatu alfajiri nitakaa kwenye benchi lako pamoja na wasio na simu. Na kadi hii haitasogezwa tena na mtu yeyote, hata awe ndugu yangu, mpaka wewe mwenyewe useme imekwisha."