Jumamosi Tuliyokataa Kufinywa

Watu wa Kware husema sisi wa kiwanda cha misumari tunapiga kelele. Ndiyo, tunapiga! Kaa wewe miaka kumi na tisa mbele ya mashine inayokata waya, kah, kah, kah, kutwa nzima, halafu uje unieleze habari ya kuongea polepole. Na ukiniona nakutazama mdomo unapoongea, usidhani nakutamani. Ukinigeuzia mgongo, umeninyima maneno yako yote.

Naitwa Triza Nabiswa, ila hapa mtaani mimi ni Mama Jacky. Kazi yangu iko Industrial Area, na ni kibarua, hakuna barua ya kuajiriwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tunasimama langoni, na supavaiza wetu, Mbuthia, anatoka na karatasi yake. Anaita jina mara moja tu. Usipoitika, nafasi yako amepewa mwingine, na wewe rudi nyumbani na njaa yako.

Sasa mtu ambaye masikio yamechoka ataitika vipi? Tulijitafutia njia. Tunasimama wawili wawili, na mwenye nafuu anamfinya mwenzake mkono jina lake likiitwa. Mimi nilikuwa nafinywa na Njoki, rafiki yangu wa upande wa kupakia, ambako kelele ni kidogo. Unafinywa, unapaza sauti, "Niko!" Unaingia. Hatukuona haya hata chembe. Tulijiona wajanja.

Ndipo akaja Kamene. Ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, msichana mwenye subira mpaka unamwonea huruma. Jumapili moja alisimama kanisani akatangaza kwamba Jumamosi atatupima masikio bure, humo humo kanisani. Wakipatikana wengi walioharibika, kliniki ya masikio itakuwa inakuja Kware kila mwezi, vifaa vya kusaidia kusikia vitaletwa, na kiwanda kitaandikiwa barua kitupe vizibo vya masikio. Wasipopatikana, kliniki itapelekwa mtaa mwingine. Aliyasema wazi, akayarudia.

Jumamosi tukafika wanawake kumi na wanne. Na ni nani ameketi karibu na mlango, amekunja nne? Mbuthia! Ati kiwanda kimemtuma aone mambo yanavyoenda. Kila mmoja wetu aliwaza jambo moja: huyu akijua sisikii, Jumatatu jina langu halitakuwepo.

Kupimwa kwenyewe ni rahisi. Unaketi, unavaa hedifoni, unafumba macho, ukisikia mlio unainua mkono. Lakini Kamene alikuwa peke yake, simu inayotoa milio ameiweka mezani, na kidole chake kila kikibonyeza kinaonekana. Njoki alikiona. Akasimama nyuma ya kiti changu, mkono begani, kama anayeombea mgonjwa. Kidole kikibonyeza, ananifinya, nami nainua mkono. Wee! Nilipita kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Nilipotoka nikasimama nyuma ya mwingine, naye nyuma ya mwingine, tukafinyana hivyo foleni nzima.

"Jameni, masikio yenu ni mazuri sana," Kamene akasema, akikuna kichwa, macho kwenye simu yake. Hakuelewa. Mbuthia akatabasamu. Na mimi, mjinga mkubwa, nikatabasamu pia.

Aliyebaki alikuwa binti yangu, Jacky. Ana miaka ishirini na moja. Masomo ya chuo yaliposhindikana, mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea nafasi kwa Mbuthia, akawekwa kwenye mashine jirani na yangu. Langoni husimama na vijana wenzake, kwa hivyo sikuwahi kuwa na wasiwasi naye. Akaketi. Akavaa hedifoni, nami nikasimama nyuma yake. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akautafuta wangu.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mtoto huyu alikuwa akisikia simu ikitetemeka chini ya mto. Tangu lini anahitaji kufinywa? Kumbe na yeye ana wa kumfinya langoni kila asubuhi, na mimi mama yake sijui, kwa sababu sisikii hata nikiitwa mimi.

Nikauficha mkono wangu kwapani.

Jacky akageuka. "Mathe, nifinye bwana! Huyo jamaa anatuangalia."

"Sikufinyi. Simama."

Nikamvua hedifoni, nikaketi mimi. "Kamene, nipime tena. Na nyinyi wote nendeni kule ukutani, asiniguse mtu."

Njoki akanijia mbio. "Mama Jacky, umerukwa na akili? Mbuthia anakuona!"

"Si aone! Ana macho, acha ayatumie."

Nikafumba macho, nikangoja. Nikangoja sana. Nilisikia mlio mmoja, baadaye mwingine kwa mbali, basi. Nilipofumbua macho Kamene alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa amebonyeza mara kumi na mbili.

Nikalia. Siyo kwa huzuni, nililia kwa hasira. Watoto wa wenye nazo hupimwa masikio kabla hawajaota meno, sisi tunaletewa kipimo mpaka mlangoni, halafu tunakidanganya! Nikawaambia hivyo hivyo, kwa sauti yangu ya kiwandani. Njoki akanitazama, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti. Hata yeye, tuliyemtegemea, alikosa milio mitano. Wakarudi mmoja mmoja. Kati yetu kumi na watatu, kumi tulikuwa tumeharibika.

Mbuthia akasimama. "Kamene, nipe hayo majina."

Kamene akaikumbatia simu yake. "Majina ya waliopimwa siyatoi, kaka."

"Sawa. Jumatatu nitawajua tu. Mimi siwezi kuandika watu wasiosikia."

"Ungoje Jumatatu ya nini?" nikamwambia. "Toa kalamu. Triza Nabiswa, miaka kumi na tisa, masikio yote mawili. Andika!"

Akaandika, nadhani kwa mshtuko. Njoki akajitaja. Wengine wakafuata, kila mtu na miaka yake, kila mtu na sikio lake. Jina la saba kalamu ikasimama. Anaijua vizuri hesabu ya mashine zake na ya mikono inayoziendesha.

"Mbona umeacha? Tuandike wote, halafu Jumatatu uikate hiyo misumari mwenyewe. Ama utuletee vizibo."

Akaitazama orodha yake. Jacky akarudi kwenye kiti bila kuambiwa. Akavaa hedifoni, akaweka mikono yote miwili magotini, mahali tulipoweza kuiona. Kamene akabonyeza. Mkono ukainuka, ukashuka, ukainuka. Halafu ukabaki chini muda mrefu, nami nikahesabu kidole cha Kamene mpaka nikashindwa kuhesabu.

Jacky akavua hedifoni, akaenda akasimama mbele ya Mbuthia.

"Jacky Nabiswa," akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. "Miezi kumi na minne. Sikio la kushoto. Andika."