Jina la Leonardi Linakwisha Muda

Theodosia alikuwa ameketi mkekani mlangoni pake, Gitega, akianza kitako cha kikapu, mume wake Leonardi alipoingia uani na kusugua miguu kwenye jiwe. Udongo uliomtoka ulikuwa wa Gasorwe, huko Muyinga, alikozikwa. Theodosia alimsogezea kigoda.

Alikuwa akija hivyo tangu mjukuu wao Jeska, mwalimu wa Muyinga mjini na mtoto wa binti yao Imelda, alipofungua duka la vikapu kwenye mtandao na kuliita kwa jina la babu yake. Watu wa mbali waliliandika jina lile wakitafuta vikapu, na Leonardi, ambaye maisha yake yote hakuitwa asiitike, aliinuka akaja. Hakula kitu. Alichambua ukindu, akauliza habari za mvua, na jua likizama aliaga.

Barua ilifika kwenye sanduku la posta la parokia. Katibu wa parokia aliileta mwenyewe kwa miguu, akaifasiri kutoka Kifaransa polepole, kisha akaifasiri tena bila kuonyesha kuchoka. Ilikuwa na muhuri mkubwa wa bluu. Ilisema jina la Leonardi linakwisha muda, na lisipolipiwa kabla ya mwisho wa mwezi litapotea au litachukuliwa na mwingine.

Theodosia hakuuliza imetoka kwa nani. Walioishi kambini Tanzania kama wakimbizi hawaulizi hivyo. Kule, karatasi yenye muhuri ikikuambia jina lako linafutwa, unakwenda. Siku ya mgao majina yalisomwa kwa sauti. Asiyeitikia alifutwa, na aliyefutwa hakupewa unga. Leonardi alisimama mbele kila mara, na jirani akiwa amelala na homa, au amechelewa kurudi na kuni, yeye alimwitikia: "Yupo!" Kisha alimbebea unga wake hadi mlangoni. Siku zile zilikuwa ngumu, lakini Theodosia alizikumbuka kwa sauti hiyo.

Alimpelekea barua Uthmani, fundi cherehani wa jirani, ambaye Jeska alimfungulia duka la mtandaoni pia.

"Mama Imelda, hata mi niliipata hiyo karatasi," Uthmani alisema, sindano mdomoni. "Niliikatia patroni ya kola, kigezo cha kukatia kitambaa. Iko karatasi ngumu, nzuri sana."

"Na jina lako likifutwa?"

"Lifutwe na nani? Mi iko hapa, cherehani iko hapa. Wale ni wezi wenye kravati shingoni."

"Wewe upo, Uthmani. Mwenzako hayupo."

Uthmani alitoa sindano mdomoni. Hakutania tena. Kesho yake, ili jina lilipiwe, alimpeleka sokoni yeye mwenyewe mkubwa wa mbuzi wawili wa Theodosia, maana mjane akiuza mbuzi hupunjwa, akarudi na fedha zote zimefungwa kwenye kitambaa kipya. Benki, msichana wa dirishani alimpa bibi kiti, akamjazia karatasi za kutuma ng'ambo.

Siku chache baadaye Leonardi alichelewa. Alipoingia, mabega yake yalikuwa meupe. Theodosia hakuwahi kuona theluji, lakini alikuwa ameisikia kwenye Zaburi, akaitambua, akampangusa kwa kiganja.

"Umepitia wapi, Baba Imelda?"

"Jina limehamishwa. Sasa lazima nipite kwanza kwa wenye muhuri, huko ng'ambo. Kuna foleni."

"Ya wafu?"

"Wafu, wazima, maduka, hata kanisa moja. Kila mmoja anangoja asomwe."

Jeska alipopiga simu kutoka Muyinga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pumzi.

"Bibi, ile haikuwa fakture, hatukuwa na deni lao. Imeandikwa hivyo chini kabisa, kwa herufi ndogo kama ulezi. Jina la duka halikuwa linakwisha muda, nilishalilipia kwingine. Mlipolipa mliwapa ruhusa walichukue."

"Basi walirudishe."

"Nimewaandikia. Wanasema tulikubali wenyewe."

"Waambie basi wampe koti."

Jeska akasema ataandika. Aliandika. Kuhusu koti hawakujibu.

Uthmani alishona koti, la kitambaa kizito chenye kola nzuri, akakataa malipo. Leonardi alilivaa, lakini theluji iliendelea kuja naye. Theodosia alizoea kumwekea beseni miguuni. Maji yale yalilainisha ukindu kuliko ya mvua, na vikapu vilivyosukwa navyo havikuingiwa na fukusi. Wateja waliongezeka. Leonardi akaitwa zaidi, akazidi kuchelewa.

Barua nyingine ilifika mwaka uliofuata, muhuri uleule, bei imepanda. Katibu wa parokia aliifasiri kwa upole uleule. Theodosia aliikunja akaiweka chini ya mkeka.

Jioni hiyo Leonardi aliingia giza limeshika ua, kola imesimama, theluji hadi kwenye nyusi.

"Foleni imerefuka?" Theodosia aliuliza.

"Si foleni. Kuna wazee hawafiki tena. Miguu imewachosha, wengine hawajui kwamba wameitwa. Wakisomwa, hakuna anayeitikia."

"Na wewe?"

"Mimi nasimama mbele."

"Unasemaje?"

"Nasema yupo."

Theodosia aliitikia kwa kichwa. Alimsogezea beseni, akamfungua vifungo vya koti kimoja kimoja, maana vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha alitoka uani kuangalia kama yule mbuzi mdogo aliyebaki amepewa majani ya kutosha, maana kabla ya mwisho wa mwezi angepelekwa sokoni.