Joho la Kaka

Wenzake humwita Ibara, kwa sababu hata ukimsalimia tu atakutajia ibara ya katiba. Mimi namwita kaka. Yeye ni mwanasheria, mimi ni fundi cherehani niliyeacha shule darasa la sita, na kwenye siasa hatupatani hata kidogo. Yeye anataka mambo yabaki yalivyokuwa. Katiba, anasema, isomwe kama ilivyoandikwa. Anayetaka iseme jingine akawaombe wananchi waibadilishe.

Kwa maneno hayo amezeekea kwenye taasisi ya sera, akiwaandikia wakubwa wa chama ushauri ambao wao huusoma bungeni kama wao ndio waliouwaza. Mwenyewe anatamani kitu kimoja: kiti cha jaji kwenye mahakama ya katiba. Akipita nje ya jengo lile hupunguza mwendo, kama kijana anayepita nyumbani kwa mchumba.

Safari hii chama kilimwambia kiti ni chake. Tangazo halijatoka, yeye huyo kibandani kwangu, kaja kupimwa joho. Nikamwambia ana haraka.

"Pima, mdogo wangu."

Nimeshazungusha tepu kifuani, simu yake ikaita. Mikono yake ilikuwa hewani, nikaipokea mimi, nikaweka spika. Mshauri wa rais.

"Ibara, shikamoo. Au nianze kukuita mheshimiwa jaji?"

"Marahaba. Sema."

"Tunataka karatasi yako moja tu. Mzee anamaliza muhula wa pili. Andika kwamba ule wa kwanza hauhesabiki, maana aliingia katikati, kwa uchaguzi wa kujaza nafasi."

"Katiba inasema muhula ni muhula, hata ukiingia katikati."

"Tunajua inavyosema, kaka. Ndiyo maana tunakutaka wewe. Akiandika mwingine, nani atamwamini?"

Kifua chake kilijaa ndani ya tepu, kikakaa hivyo hivyo. Nikamnong'oneza, "Andika! Utanyoosha mambo ukishakaa kwenye kiti." Sioni haya kusema hivyo. Ni ndugu yangu, nilitaka apate.

"Siandiki," akasema.

"Basi joho atavaa mwingine."

"Avae."

Simu ikakatwa.

"Una kichwa kigumu wewe," nikamwambia. "Na huyo rais ulimpigia kura wewe, si mimi!"

"Nilimpigia mara mbili. Zinamtosha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kukunja tepu, lakini hakushusha mikono. Alisimama vilevile mbele ya kioo, akiyatazama mabega yake.

"Bado urefu," akasema.

"Urefu wa nini tena, kaka?"

"Pima tu."

Nikapima kutoka begani, nikapiga goti, nikashusha tepu mpaka kwenye viatu vyake, nikamsomea namba. Akaniomba nirudie, polepole.