Kadi Imejaa

Hakuna mashine niliyoshindwa kuiingiza mtandaoni. Hata kabati la vyombo, nipe kebo tu, litasalimiana na dunia. Ndivyo nilivyomjibu mdogo wangu aliponipigia analia: fomu ya chuo cha uuguzi haifunguki, na mwisho wa kutuma ni saa sita kamili mchana. Amekosa nafasi miaka miwili. Mwakani umri utakuwa umempita.

"Futa machozi, dada. Kaka yako ndiye anayekaa na hilo dude."

Dude lenyewe ni kompyuta kuu ya kazini kwetu, pana kama friji mbili. Ndani yake zinaishi mashine pepe mia moja na sitini, yaani kompyuta za programu tu zisizo na mwili, kila moja ya ofisi fulani na ikijiona kompyuta kamili. Ya chuo ni mojawapo. Lakini zote hutokea nje kwa kadi moja ya mtandao, na kadi hiyo ina nafasi mia na sitini, basi.

Saa tano na nusu. Ya chuo ilikuwa imezimwa alfajiri ikawashwa upya. Imeamka vizuri, ila nje haitoki. Nikabadilisha anwani. Nikaiwasha tena. Nikaibembeleza. Kioo kikarudia yale yale: kadi imejaa.

Bosi wetu, tunayemwita Mama Kebo, akavuta kiti.

"Kuna mgeni humu. Umeongeza mashine, Mdomo?"

"Mimi tena, Mama?"

Mgeni alikuwa wangu. Wiki iliyopita nilitengeneza kimashine cha kuchezea karata na binamu zangu, nikakiita "majaribio". Kilikuwa kinakosa nafasi siku zote. Leo asubuhi binamu wakanipigia wakishangilia: kimekubali! Nami kwa akili zangu nikashangilia nao, kumbe kilikuwa kimedaka nafasi ya chuo ilipozimwa alfajiri.

"Tuagize kadi nyingine," nikasema.

"Wiki tatu hiyo." Akachukua simu ya mezani, akaanza kuwauliza wenye mashine mmoja mmoja ipi ni yao, kutoka juu ya orodha. Yangu ilikuwa ya mwisho kabisa.

Neno moja tu lingemaliza kazi. Lakini mkataba wangu ulikuwa bado wa miezi mitatu ya kuangaliwa, nikajifanya nakagua kebo. Dada akapiga. Akapiga tena. Saa tano na dakika hamsini na sita Mama Kebo akageuka kutafuta namba. Nikafuta "majaribio", nikaisukuma ya chuo kwenye nafasi iliyobaki wazi, nikapokea simu kwa spika maana mikono ilikuwa bado kwenye kibodi.

"Imefunguka! Subiri… cheti kinapanda… kinapanda… Imepokelewa! Kaka, imepokelewa!"

Nikakaa sakafuni. "Nilikwambia mimi."

"Asante, kaka. Ila zile karata zako zimekatika sasa hivi, binamu wanakutukana huku. Umezifanya nini?"

Mama Kebo alikuwa na mkono wa simu sikioni, amefika mwisho wa orodha, anauliza ofisi ya maji kama "majaribio" ni yao. Akaurudisha taratibu mahali pake.