Saa Ndani ya Mzigo

Enesi alianza kufunga mizigo ya makambi wiki tatu kabla ya siku, na majirani wakamcheka. Safari yenyewe ilikuwa ya juma moja tu: kulala kwenye mahema kule milimani Ileje, juu kidogo ya Itumba, pamoja na waumini wenzake, kuimba na kusali, na siku ya mwisho waliotubu wabatizwe mtoni. Lakini ungeuona ule uwanja wake ungesema mama huyu anahama nchi. Turubai la lori lililokatwa likashonwa kuwa hema. Mambo za chuma kumi na mbili za kukazia kamba za hema. Kamba za manila. Debe la mkaa, jiko, sufuria mbili, unga, maharage, karanga za kusaga, na furushi la mchaichai, maana Enesi alizaliwa Mbozi katikati ya mibuni na hajawahi kuonja kahawa. Kanisa lake halimruhusu.

"Mama Barnaba, unakwenda makambi au unaolewa?" alimtania Atupele, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Nikiolewa nitakualika. Shika huku tukunje."

Atupele alishika upande wake wa turubai, wakakunja. Mablanketi yalikuwa mawili. Aliyaona, akayakunja nayo. Kwa miaka miwili Enesi alikuwa akienda makambi na blanketi moja, na wote pale uani walijua kwa nini.

La pili lilikuwa la Barnaba, mwanawe wa pekee, miaka ishirini na saba, utingo wa malori na mnywaji wa pombe kali ya kachasu. Miaka miwili nyuma alifika makambi amelewa chakari, mchana kweupe, mhubiri yuko kwenye neno. Akajikwaa kwenye kamba ya hema la mama yake, akalishika ili asianguke, akaanguka nalo. Mlingoti wa kati ulivunjika. Saa ya ukutani iliyokuwa imetundikwa pale ikapasuka kioo. Watoto walicheka, watu wazima wakatazama chini, na Enesi, Mungu amsamehe, aliinuka akasema mbele ya wote, "Huyu si mwanangu." Alilisema kwa hasira, akalijutia kabla halijamaliza kutoka kinywani. Barnaba alilisikia. Pombe ilimtoka siku ile, lakini neno lile halikumtoka.

Tangu hapo alilala kwenye maegesho ya malori kule Mpemba, kwenye barabara kuu. Safari moja ya Kongo alirudi amekonda hadi suruali ameifunga kwa waya, akakohoa miezi mitatu. Watu walisema la kuvunda halina ubani. Enesi hakubishana nao, lakini kila siku ya Mungu alimwombea.

Halafu Jumatano ya wiki ya safari Barnaba akatokea mlangoni, macho meupe, mikono inatetemeka kwa kukosa pombe siku tisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipoitwa mwanangu aliangalia pembeni. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa mkato kama mtu anayelipia kila neno. Dereva mmoja anakwenda Kolwezi, Kongo, amempa kazi, lori linaondoka Jumapili alfajiri, karatasi zote tayari. Akipanda, hajui kama safari hii atarudi, kwa sababu kule pombe ni rahisi kuliko maji na mwili wake anaujua. Lakini amesikia Fuso la makambi nalo linaondoka Jumapili, pale pale Mpemba, kanisani, saa kumi na mbili asubuhi.

"Twende wote," Enesi alisema. "Barnaba, twende."

"Nitakuja. Ila peke yangu sipandi, mama. Wale watu watanitazama. Nitakaa kwenye ngazi za kanisa nikusubiri. Nikikuona na mzigo, napanda nyuma yako. Nisipokuona, nitajua jibu, nakwenda na dereva."

"Mimi nichelewe makambi? Tangu uzaliwe umewahi kuona?"

Akacheka. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika na mama hakujua lini. "Hapana," alisema. "Hujawahi kuchelewa kitu."

Basi hapo ndipo mzigo ulipoongezeka. Enesi alinunua mswaki, kandambili, soksi nzito za baridi ya Ileje, na suruali nyeusi ambayo aliipiga pasi mara mbili. Alimshonea Barnaba mto kwa gauni lake kuukuu. Alifunga na kufungua, akahesabu soksi kana kwamba zinaweza kutoroka. Atupele alimwambia mtu wa miaka ishirini na saba anaweza kujibebea mswaki. Enesi akamjibu kwamba huyu alikuwa mtu mzima alipoondoka, ila sasa anarudi ni mtoto mchanga.

Ijumaa kabla jua halijazama kila kitu kilipaswa kuwa kimefungwa, maana Sabato ikishaingia mzigo haufungwi wala haufunguliwi. Enesi hakuwa mtu wa kucheza na hilo. Jua lilikuwa limebaki kama kiganja juu ya mapaa ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alipoinua macho akaiona saa ya ukutani.

Saa ile ilikuwa na heshima yake. Nyumba ya Enesi iko mitaa miwili tu kutoka mpakani, na simu za mtaa ule zina mabwana wawili: leo zinashika mtandao wa Tanzania, kesho zinajishikia wa Zambia zenyewe, na zikishika wa Zambia saa inarudi nyuma saa nzima. Kila mtu pale amewahi kukosa basi au kuunguza maandazi kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mtaa mzima uliuliza saa kwa Mama Barnaba. Marehemu mumewe, Luka, aliinunua mwaka aliozaliwa mtoto. Kila makambi Enesi alikwenda nayo, akaitundika kwenye mlingoti wa hema, na akina mama walipita kuitazama kabla ya kuinjika chakula. Tangu ile siku ya aibu hakuibeba tena.

Aliitazama na ule ufa wake kwenye kioo. Akaona itakavyokuwa: mlingoti mpya, saa juu yake, na Barnaba amekaa chini yake mchana, hajalewa, watu wakipita. Hakuhitaji kusema neno. Wangeona wenyewe kwamba huyu ni mwanawe. Akaishusha, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaizungushia blanketi la Barnaba, akaitia katikati kabisa ya mzigo isije ikavunjika. Kisha yeye na Atupele wakaukaza kwa mipira ya tairi, fundo juu ya fundo, na jua likazama.

Jumamosi usiku, Sabato ikiwa imekwisha, Atupele alitazama ule msumari mtupu ukutani.

"Na saa umefunga? Utajuaje saa ya kuamka?"

"Simu si ipo. Leo siku ya tatu inasoma vizuri." Enesi aliuangalia mzigo, yale mafundo yote. "Nikiufungua huu, nitaufunga hadi asubuhi."

Ndivyo alivyosema. Majuto ni mjukuu, lakini usiku ule hakuna mjukuu aliyebisha hodi. Aliweka kengele ya saa kumi, akapiga magoti muda mrefu, akalala. Umeme ulikatika na kurudi, hakujua.

Simu ilipolia aliamka mwepesi kama msichana. Alioga, akavaa, akachemsha uji akautia kwenye chupa ya chai ili Barnaba anywe garini. Shadrack, mwenye bajaji, mtu mzima wa kanisa jingine asiyeongea sana asubuhi, alifika kama walivyoagana: njoo nikikupigia. Simu ya Enesi ilisoma saa kumi na moja na dakika ishirini. Wakapakia turubai juu, mzigo nyuma, sufuria miguuni.

"Leo kumepambazuka upesi," Enesi alisema, akitazama wekundu upande wa Vwawa.

"Mungu akitaka," alisema Shadrack.

Barabara kuu ilikuwa na malori kama kawaida. Karibu na Mpemba walipishana na moja lenye turubai la bluu, linakuja kasi kuelekea mpakani, taa zimewaka, upepo wake ukaiyumbisha bajaji. Enesi alikumbatia chupa ya uji isimwagike. Alikuwa akiimba polepole. Alikuwa na furaha, na tuseme hivyo, kwa sababu ilikuwa ya mwisho.

Uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu. Alama za matairi zilikuwa mbichi kwenye vumbi. Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, alikuwa peke yake akipanga viti vya plastiki vitakavyofuata na gari la mchana. Enesi alishuka akitabasamu.

"Wengine bado, mzee? Nimewatangulia?"

Mzee Nikodemo alimwangalia kama anayeangalia mgonjwa. "Mama Barnaba, Fuso limeondoka. Tumekusubiri dakika ishirini nzima. Tumepiga simu, haipatikani. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na dakika arobaini."

Enesi aliitazama simu. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Juu pembeni, kwa herufi ndogo, jina la mtandao wa Zambia.

Alitazama ngazi za kanisa.

"Alikuwa hapo," alisema Mzee Nikodemo, sauti imeshuka. "Tangu saa kumi na moja. Ameoga, amenyoa. Kila bajaji ikipita anasimama. Nikamwambia, kijana panda, mama yako atakuja na gari la viti. Akakataa."

"Alisema nini?"

"Basi tu, mama."

"Mzee, alisema nini?"

Mzee Nikodemo alishika kiti akakiachia. "Alisema, mama yangu hachelewi. Kama hajaja, amekumbuka kwamba mimi si mwanawe. Lori likasimama pale barabarani, akapanda."

Enesi aliuendea mzigo. Alivuta mpira wa kwanza, wa pili, akauma fundo kwa meno. Soksi zilianguka vumbini, suruali, mswaki. Akafunua blanketi. Saa ilikuwa inatembea bila wasiwasi wowote, ufa na yote, inaonyesha saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Ilikuwa imesema kweli usiku kucha, mle ndani.

"Lina rangi gani?" aliuliza. "Hilo lori, lina turubai la rangi gani?"

"Bluu," alisema mzee, na Enesi akatoa mlio ambao Shadrack hakuusahau.

Walirudi mpakani kwa kasi yote ambayo bajaji inayo. Enesi alishuka kabla haijasimama, akakimbia hadi getini, akamshika mlinzi mkono. Lori la turubai la bluu, la Kolwezi? Limepita, mama, lile halikuwa na foleni, lilikuwa na kibali. Muda kidogo tu. Mlinzi alionyesha kwa kidevu ng'ambo, ambako barabara inapanda kupita maduka ya Nakonde na kuendelea. Hakukuwa na kitu barabarani ila vumbi na mwanamke mmoja anasukuma baiskeli ya vitunguu. Enesi alipiga kelele mara moja, "Barnaba! Mwanangu!" Wabadilisha pesa waligeuka wakamtazama, kisha wakarudi kwenye biashara zao.

Shadrack alimfuata na bajaji taratibu. Alisubiri. Alisubiri tena. Vitu vya Barnaba vilikuwa vimerundikwa kwenye kiti, saa juu yake.

"Mama, mzigo tunaupeleka wapi?"

Enesi hakugeuka. Alikuwa ameinua simu karibu na uso, macho yake ng'ambo. Simu, bado kwenye mtandao wa Zambia, ilisoma saa kumi na mbili kamili.

"Ngoja kwanza," alimwambia. "Tuliagana saa kumi na mbili."